UZI: Unatunga nchi ya kubuni? Anza na aliyelipia reli yake

Mchora Ramani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Humu ndani kuna watu wengi wanaobuni nchi zao. Wapo wa riwaya, wa katuni, wa michezo ya kompyuta, na wapo wanaochora ramani kwa mapenzi tu. Nchi nyingi kati ya hizo zina shirika la reli la taifa, mali ya serikali kwa asilimia mia. Jambo hilo linanifurahisha sana, maana ni taasisi chache zinazobeba maisha ya nchi nzima waziwazi namna ile. Lakini mara nyingi mtunzi anaanza na nembo, rangi ya mabehewa, na treni ya mwendokasi kati ya mji mkuu na mji wa pili kwa ukubwa. Njia imenyooka, stesheni zote mpya, deni hakuna, na hakuna hata tawi moja la reli lililokufa. Hapo ndipo ninapoacha kuiamini hiyo nchi.

Hoja yangu ni hii: shirika la reli la serikali ni mrithi. Linarithi njia alizochora mtu mwingine, kwa ajili ya shehena nyingine, kwa fedha ambazo mara nyingi bado zinadaiwa. Ukishajua nani alilipia reli ya kwanza na alikuwa anatafuta nini huko ilikoelekea, mengine yote, kuanzia upana wa reli hadi ugomvi wa nauli bungeni, yatakujia bila kulazimisha.

Tuijenge nchi moja hapa hapa. Siipi jina, kila mtu aipe analopenda. Magharibi ina bandari moja yenye kina kirefu. Nyuma ya bandari kuna uwanda wa mashamba wenye watu wengi. Katikati kuna safu ya milima inayoikata nchi kutoka kaskazini hadi kusini, na ng'ambo ya milima kuna shaba. Mji mkuu wa kale uko kusini kabisa, ukingoni mwa mto, mbali na bandari.

Reli ya kwanza inakwenda wapi? Wengi watajibu mji mkuu. Mimi nasema inakwenda kwenye shaba, na mji mkuu inaupita kwa mbali bila kuugeukia. Mwenye mtaji anahitaji tani za mzigo za kurudishia fedha yake, na mfalme pamoja na watumishi wake wote hawafiki tani hizo.

Tazama zilizokwisha kujengwa. Reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilikuwa inalitafuta Ziwa Viktoria, ikafika Kisumu mwaka 1901. Nairobi ilizaliwa njiani mwaka 1899, ikiwa mahali pa kuweka vifaa na karakana kabla ya kulikabili Bonde la Ufa. Leo ndiyo mji mkuu. Reli ya Djibouti ilikusudiwa kufika Harar, mji wa biashara wa tangu zamani, lakini milima ikaizuia, na mwaka 1902 Dire Dawa ikazuka chini bondeni pale reli ilipopita. Addis Ababa yenyewe ilisubiri hadi 1917. Kwa hiyo katika nchi yetu mji mkubwa wa leo si ule wa kale wa mtoni. Ni mji uliozaliwa chini ya mlima, pale injini ziliposimama kujaza maji na kuongezewa nguvu.

Usisahau pia reli iliyokufa. Kusini mwa Tanganyika Waingereza walijenga reli kutoka Mtwara kwenda Nachingwea kwa ajili ya ule mradi mkubwa wa karanga wa miaka ya 1940. Karanga zikakataa, mradi ukafutwa mwaka 1951, reli ikabaki bila mzigo, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikang'olewa. Nchi yako inastahili angalau tuta moja la namna hiyo, lenye nyasi juu yake na watu wanaolitumia kama njia ya kwenda sokoni.

Sasa upana wa reli, yaani umbali kati ya vyuma viwili vya njia. Kampuni ya shaba ina milima mbele yake. Reli nyembamba inakubali kona kali zaidi, mahandaki yake ni madogo, na tuta lake halili udongo mwingi. Wahandisi wakaamua milimita 1,067 badala ya 1,435 inayotumika sehemu kubwa ya dunia. Gharama ikashuka kwa kizazi kile, ikahamia kwa wajukuu. Jirani wa kaskazini naye alishajenga zamani kwa milimita 1,000. Hapo umeshapata kituo cha mpakani ambako mzigo unashushwa huku na kupakiwa kule, pamoja na wapagazi, makarani, wezi na wenye nyumba za kulala wageni. Kidatu, Tanzania, ndivyo ilivyo: TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ni milimita 1,067, reli ya kati ya zamani ni milimita 1,000, zinakutana pale na mzigo lazima uhamishwe.

Halafu amua serikali iliipataje hiyo kampuni, kwa sababu hapo ndipo tabia ya shirika inapotoka. Uingereza ilitoka vitani na kampuni nne kubwa zilizochoka, na tarehe 1 Januari 1948 zikawa mali ya taifa. Wenye hisa wakalipwa hati za mkopo zenye riba, kwa hiyo shirika likaanza maisha na vifaa chakavu na riba shingoni. Uswisi suala hilo lilipigiwa kura ya wananchi mwaka 1898, na shirika la shirikisho likaanza kazi 1902. Ufaransa ilianza mwaka 1938 kwa ubia, serikali ikiwa na asilimia 51. Argentina ilizinunua reli za Waingereza mwaka 1948, ikajikuta na geji, yaani upana wa reli, za aina tatu (1,676, 1,435 na 1,000) na njia nyingi zinazokimbilia Buenos Aires, mji wa bandari ambako nafaka na nyama zilipakiwa melini. Afrika Mashariki ni kinyume chake: shirika lilikuwa moja kwa nchi tatu, na jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ikaunda lake, huku karakana kuu ikiwa imebaki Nairobi.

Kwa nchi yetu mimi nachagua kufilisika. Bei ya shaba imeporomoka, kampuni imeshindwa kulipa mishahara, na serikali imelazimika kuichukua kwa sababu hakuna barabara nyingine ya kufika bandarini. Shirika letu halikuzaliwa kwa shangwe. Lilizaliwa usiku, kwa amri ya dharura, ili treni ya alfajiri iondoke.

Karibuni. Pingeni, ongezeni.

Binti Kisiwani

Asante kwa uzi, mkuu. Swali langu: nchi ninayoitunga ni kisiwa, na haijawahi kuwa na kampuni ya kigeni wala ya binafsi. Serikali yenyewe ndiyo iliyojenga reli tangu mwanzo. Hapo shirika linarithi nini?

Mchora Ramani

Linarithi hofu ya serikali iliyolijenga, dada. Mfano wako ni Ubelgiji. Ilijitenga na Uholanzi mwaka 1830, lakini meli zinazokwenda bandari yake ya Antwerp lazima zipite mdomo wa mto Scheldt ulio mikononi mwa Waholanzi. Taifa changa likaona litanyongwa kibiashara. Mwaka 1834 likapitisha sheria ya kujenga reli kwa fedha ya serikali, na Mei 1835 treni ya kwanza ikatoka Brussels kwenda Mechelen. Lengo kubwa lilikuwa kuifikia Cologne na mto Rhine kwa nchi kavu, bila kumwomba jirani ruhusa, na mwaka 1843 wakafika.

Kwa hiyo jiulize serikali yako ilikuwa inamkwepa nani. TAZARA nayo ni ya ukoo huo huo. Zambia ilikuwa na shaba lakini njia zake za baharini zilipita Rhodesia na maeneo mengine ya tawala za walowezi. Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), alipojitangazia uhuru mwaka 1965, ikawa lazima kupata njia nyingine. Mabenki ya magharibi hayakuuona mradi huo kuwa wa faida, China ikatoa mkopo usio na riba, na kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi zikajengwa kati ya 1970 na 1975. Ukiisoma reli ile kwa hesabu ya faida peke yake hutaielewa. Ilijengwa ili nchi isipige magoti.

Na angalia hili: nchi zilizoimiliki ni mbili, nusu kwa nusu. Kama kisiwa chako kina jirani wa kuungana naye kwa daraja, shirika la serikali mbili litakupa mabishano ya kutosha sura nzima.

Fundi Mataruma

Mkuu mimi napinga hapo kwenye geji. Unaichukulia kama hukumu ya milele. Kusini mwa Marekani walibadili geji tarehe 31 Mei na 1 Juni 1886, maili zipatazo 11,500 kwa siku mbili. Nchi yenu ya shaba ikiwa na serikali yenye msimamo, inang'oa 1,067 na kuweka 1,435 ndani ya miaka michache.

Mchora Ramani

Tukio hilo ni la kweli na ni la ajabu, ila angalia walifanya nini. Walitoka futi 5 kwenda futi 4 na inchi 9. Yaani walisogeza reli moja ndani kwa inchi tatu. Mataruma, yaani magogo yanayolala chini ya reli, yalikuwa tayari marefu ya kutosha, mahandaki tayari mapana, na misumari ya ndani ilishapigwa siku nyingi kabla. Kupunguza upana ni rahisi kuliko kuongeza.

Sisi tunatoka 1,067 kwenda 1,435. Mataruma ya zamani ni mafupi. Mahandaki ya milimani yalichimbwa kwa kubana. Kona zilizopigwa kwa ajili ya treni za mwendo mdogo haziwi za mwendokasi kwa sababu tu reli imetanuliwa. Treni itaendelea kwenda polepole, ila sasa kwenye reli ya ghali. Ndiyo maana Japani, ambayo reli zake nyingi ni 1,067, ilipotaka mwendokasi ilijenga njia mpya kabisa ya 1,435, Shinkansen ya Tokyo hadi Osaka, iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1964. Hispania wana 1,668, na mwaka 1992 Madrid hadi Seville wakajenga 1,435 pembeni. Kenya mwaka 2017 ilifungua Mombasa hadi Nairobi ya 1,435 huku ya mita moja ikiwepo bado. Tanzania nayo tangu 2024 inaendesha treni za umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwenye reli mpya, na ile ya Wajerumani iliyofika Kigoma mwaka 1914 bado ipo.

Nakubaliana nawe kwamba serikali yenye msimamo inaweza. Ila matokeo yake ni shirika moja lenye reli mbili zisizoshikana: karakana mbili, vipuri vya aina mbili, na behewa ambalo haliwezi kuvuka kwenda upande wa pili wa stesheni hiyo hiyo. Mtunzi asilikimbie hilo. Mtu anayeshuka treni mpya yenye kiyoyozi na kuvuka uzio kwenda kusubiri treni ya zamani ya kumfikisha kijijini anaijua nchi yake vizuri kuliko waziri.

Gadi wa Usiku

Nipo kwenye fani hii, niongeze jambo ambalo vitabu na michezo mingi huliruka: treni mbili zinazokuja uso kwa uso kwenye njia moja.

Mwaka 1874 pale Thorpe, karibu na Norwich, Uingereza, ujumbe wa simu ya maandishi ulikosewa, na treni mbili zikaruhusiwa kuingia kipande kimoja cha njia kutoka pande zote mbili. Watu 25 walikufa. Baada ya hapo Edward Tyer akabuni mashine zinazofanya kazi kwa jozi, moja stesheni hii na nyingine stesheni ya mbele, zimeunganishwa kwa waya. Ndani yake kuna tokeni, kidude cha chuma ambacho ndicho kibali cha dereva kuingia kipande kile cha njia. Ikitoka moja upande wowote, mashine zote mbili zinajifunga hadi tokeni ile irudishwe. Na haitoki bila masta wa upande wa pili kukubali. Dereva asiye na tokeni ya kipande kilicho mbele yake haingii, hata kama rais yumo ndani ya treni na anagonga kioo.

Sasa piga picha stesheni ndogo ya mlimani, saa nane usiku, mvua. Stesheni masta amesimama ukingoni mwa jukwaa na taa mkono mmoja, mkono wa pili ameinua pete kubwa ya waya yenye kifuko cha ngozi, ndani yake tokeni. Treni ya shaba haisimami, inapunguza mwendo tu. Msaidizi wa dereva anainama nje, anaitupa pete ya zamani chini, anaingiza mkono kwenye mpya. Ikimkosa, treni nzima inapigwa breki. Akiipata, haiweki mfukoni: anafungua kifuko, anasoma kwa sauti jina la kipande lililochongwa kwenye chuma, na dereva analisoma naye, ndipo anaongeza moto. Kusoma kule ndiko kulikookoa watu wengi, maana tokeni ya kipande kingine inaweza kuonekana sawa kabisa gizani.

Ukitaka kuandika uzembe unaoua, usiandike breki kukatika. Andika watu wawili waliozoeana mno hadi wakaacha kusoma.

Mchora Ramani

Gadi, hii ni dhahabu. Naongeza hesabu juu yake ili watu waone inavyobana siasa. Tuseme stesheni za kupishania ziko kilomita 20 kutoka moja hadi nyingine, na treni za mlimani zinakwenda wastani wa kilomita 40 kwa saa. Kipande kimoja kinachukua nusu saa. Treni moja kwenda na moja kurudi ni saa nzima, bado hujahesabu kubadilishana tokeni. Hata ukikesha mchana na usiku hufiki treni 24 kila upande, na kwa kuwa treni hazifiki kwa mpangilio mzuri, utapata pungufu sana. Waziri akitangaza treni ya abiria kila robo saa kuvuka milima, wafanyakazi wa reli wanajua siku hiyo hiyo kwamba haiwezekani.

Halafu urefu. Njia ya kupishania ikiwa fupi kuliko treni ya shaba, basi ni treni ya abiria ndiyo lazima ijifiche pembeni, kwa sababu ndiyo pekee inayoenea. Abiria wanakaa gizani wakisubiri shaba ipite. Humo mna siasa yote ya nchi ile na hakuna aliyeipanga kwa makusudi. Ilipangwa na urefu wa reli ya pembeni iliyojengwa wakati treni zilikuwa na mabehewa machache.

Mzee wa Bajeti

Mnapamba sana. Shirika la reli la umma ni hasara, nukta. Weka ufisadi, weka hasara, msomaji ataamini.

Mchora Ramani

Mzee, heshima yako, lakini hapa sikubali kabisa. Hasara ya reli ina historia yake, na mtunzi akiiruka ameacha sehemu tamu kuliko zote.

Chukua Shirika la Reli la Taifa la Japani. Liliundwa 1949. Mwaka 1964, mwaka ule ule wa Shinkansen iliyoshangaza dunia, ndipo lilipoingia hasara, na halikutoka tena. Kwa muda mrefu nauli zake zilihitaji idhini ya bunge, na wabunge hawapendi kupandisha nauli. Wabunge hao hao walitaka reli ifike majimboni mwao, hata kule kusikokuwa na abiria. Uwekezaji ukafanywa kwa mikopo, riba ikalipwa kwa mikopo mingine. Lilipovunjwa tarehe 1 Aprili 1987 na kugawanywa kampuni sita za abiria na moja ya mizigo, deni lilikuwa limefika yen trilioni 37 hivi. Humo ndani walikuwemo mainjinia hodari kuliko wengi duniani na treni zinazofika kwa dakika. Ubora na hasara viliishi nyumba moja.

Uingereza nayo, ripoti ya mwaka 1963 ya Beeching, mkuu wa shirika la reli, ilipendekeza kufunga zaidi ya stesheni 2,000 na maili 5,000 hivi za njia. Ilipima kila tawi kwa fedha linayoingiza lenyewe. Abiria wa tawi dogo ndiye anayepanda treni kubwa kwenye makutano; ukikata tawi, naye anapotea kwenye shina. Ndiyo kasoro yake kubwa kwa maoni yangu, ingawa kulikuwa na njia ambazo kweli hazikuwa na mtu.

Kwa hiyo kwenye nchi yetu usiandike "shirika linapata hasara". Andika nani alikataza nauli kupanda, nani alilazimisha treni ya kijijini iendelee, na nani alikataa kulipia pengo. India ilikuwa na bajeti ya reli iliyosomwa peke yake kuanzia 1924 hadi ilipounganishwa na bajeti kuu mwaka 2017. Tukio la namna hiyo bungeni, siku nzima ya taifa kusikiliza nauli na treni mpya, ni sura kamili ya riwaya.

Mzee wa Bajeti

Hapo kwenye nani alikataa kulipia pengo nimekuelewa. Basi mwizi wako asiwe mkurugenzi peke yake.

Nyundo

Wafanyakazi mmewasahau. Shirika la reli kwenye nchi nyingi ndilo lililokuwa mwajiri mkubwa kuliko wote, na ndilo lililozaa vyama vya wafanyakazi. Wana reli wana nyumba za shirika, hospitali ya shirika, shule ya shirika, timu ya mpira ya shirika. Mtoto anazaliwa, anasoma na anaajiriwa ndani ya uzio ule ule.

Mgomo wa reli ya Dakar, Senegal, hadi mto Niger ulianza Oktoba 1947 ukaisha Machi 1948. Miezi mitano. Walichodai hakikuwa nyongeza tu: walitaka Waafrika na Wazungu wawe kwenye daraja moja la ajira, lenye haki moja. Masoko yalilisha familia za wagomaji. Andika mgomo kwenye nchi yenu ya shaba, na uulizeni mji uliozaliwa chini ya mlima umesimama upande wa nani.

Mchora Ramani

Nauchukua mzima mzima. Na naweka hivi: serikali iliyolichukua shirika kwa amri ya dharura ilirithi pia ngazi mbili za mishahara za kampuni ya zamani, ikaahidi kuzifuta, ikachelewa.

Jambo jingine dogo linalofanana na hilo ni jina la shirika. Ujerumani Mashariki, dola ya kikomunisti, iliendelea kuitumia Deutsche Reichsbahn, jina la enzi za kabla yake, hadi mwisho wake. Haki ya kuendesha reli ndani ya Berlin Magharibi ilikuwa imefungamana na Reichsbahn, na kubadili jina kungefungua mjadala ambao serikali haikuutaka. Jina lilidumu hadi mwanzo wa 1994, mashirika ya reli ya pande mbili yalipounganishwa. Shirika letu nalo linaweza kubeba jina la mfalme aliyepinduliwa kwa sababu mkataba wa bandari umeandikwa kwa jina hilo.

Fundi Mataruma

Na kugawanya? Siku hizi nchi nyingi zina shirika la njia na shirika la treni.

Mchora Ramani

Sweden ilianza 1988, ikaitenga njia na uendeshaji wa treni, kisha Ulaya ikafuata mkondo huo kwa maagizo ya 1991. Uingereza ilikwenda mbali zaidi, ikauza hata njia. Oktoba 2000 reli yenye nyufa ikavunjika pale Hatfield, watu wanne wakafa, na ndani ya mwaka mmoja kampuni ya njia ikashindwa kifedha na kuwekwa chini ya msimamizi. Hatimaye njia zikarudi kwenye taasisi ya umma.

Hadithi ya wakati huu iweke mgawanyo huo, lakini uuweke kwenye makaratasi zaidi kuliko kwenye maisha. Wale wale waliokula kantini moja sasa wanaandikiana barua kuhusu nani alipe dakika za kuchelewa.

Binti Kisiwani

Nimerudi. Nimefuta treni ya mwendokasi. Kisiwa changu kinamkwepa jirani anayeshika mlango wa bahari wa kusini, kwa hiyo serikali ilijenga reli ya kuvuka milima kwenda ghuba ya kaskazini yenye mawimbi mabaya. Imekuwa ghali na ya polepole. Ninataka ratiba iwe nzuri hata kama treni si za kasi, nchi yangu ni maskini lakini ina nidhamu. Inawezekana?

Mchora Ramani

Inawezekana, na Uswisi ndiyo mwalimu. Mwaka 1982 walianza ratiba ya saa kwa saa: treni ikiondoka saa mbili na dakika mbili, basi na saa tatu na dakika mbili, siku nzima. Baadaye wakapanga treni za pande zote zifike stesheni kubwa kabla kidogo ya saa kamili na kuondoka baada yake kidogo, ili mtu abadilishe treni bila kungoja. Hapo kasi inayotakiwa ni ile tu ya kuuwahi mkutano. Zürich hadi Bern walihitaji kushuka chini ya saa moja, wakajenga kipande kipya, na tangu Desemba 2004 safari ni dakika 56 hivi. Hawakujenga ili ziwe 40, maana dakika 16 za ziada zingeishia jukwaani kusubiri.

Kwa kisiwa chako, chora ratiba kwanza, kisha weka stesheni za kupishania pale treni zinapokutana kwenye mchoro. Nchi maskini inaweza kufanya hivyo kwa sababu inahitaji karatasi, nidhamu na reli fupi za pembeni tu.

Binti Kisiwani

Na mji wa karakana niuweke kileleni au bondeni? Kileleni ni katikati ya njia kabisa.

Mchora Ramani

Bondeni, upande ambao treni nzito inapanda ikiwa imejaa. Vichwa vya treni vya kusukuma kutoka nyuma vinahitaji kulala, kuoshwa na kukarabatiwa pale vinapoanzia kazi, na maji ya injini za mvuke yako chini kuliko juu. Kileleni weka stesheni ndogo tu, reli ya pembeni moja, na nyumba mbili tatu za wafanyakazi. Vichwa vya kusukuma vinaachia treni pale na kurudi chini vikiwa vitupu. Hivyo vikirudi vinachukua nafasi kwenye njia, kwa hiyo viingize kwenye ratiba yako, wengi husahau.

Binti Kisiwani

Sawa. Ghuba ya kaskazini ndiko mzigo unakopelekwa, kwa hiyo mji unakwenda upande wa kusini wa mlima. Naweka ramani mpya hapa kesho mchana, Gadi naomba uniangalizie urefu wa reli za kupishania.

Gadi wa Usiku

Leta. Na uandike urefu wa treni yako ndefu kuliko zote, bila huo siwezi kukusaidia.